Mtoto anasinzia darasani kabla ya saa 4: tatizo ni chai na andazi?

MamaSoweto (Moshi)

Habarini wakuu. Mtoto ana miaka 9, yuko darasa la tatu, shule ya kutwa. Saa 12 kasorobo asubuhi anakunywa chai ya rangi na maandazi mawili, saa 12 na robo anaondoka. Mapumziko ni saa 4. Mwalimu anasema kipindi cha tatu anakuta ameshalaza kichwa kwenye dawati. Nimeshauriwa ninunue unga wa lishe wa nafaka 12. Kweli utasaidia? Na kama nitasaga mwenyewe, vipimo ni vipi? Naomba majibu ya vipimo, "mpe lishe bora" nimeshasikia ya kutosha.

Lishe_Njiro

Dada, anza na saa kabla ya chakula. Kutoka saa 12 kasorobo hadi saa 4 ni zaidi ya saa nne. Andazi la ngano nyeupe na chai yenye vijiko vitatu vya sukari havina uwezo wa kumshikilia mtoto muda wote huo. Vinasagika upesi, sukari ya damu inapanda halafu inashuka, na protini iliyomo ni kidogo.

Mtoto wa umri huo anahitaji kwa makadirio kilokalori 1,700 kwa siku, na asubuhi apate robo yake au pungufu kidogo, yaani 350 hadi 400. Kikombe kimoja kikubwa cha uji kinafika hapo kikipikwa hivi: unga wenye soya gramu 50 (vijiko vya chakula vinne vilivyojaa), maji mililita 300, maziwa mililita 100, karanga zilizosagwa kijiko kimoja cha chakula, sukari kijiko kimoja cha chai. Koroga unga kwanza kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka, acha utokote dakika 15 huku unakoroga. Maziwa na karanga viingie dakika tano za mwisho. Utapata protini kama gramu 14, na maandazi mawili yanatoa karibu nusu ya hapo.

Kosa linaloharibu uji wa majumbani ni maji. Mtoto anakataa uji mzito, mama anaongeza maji, mwisho mtoto anashiba maji. Dawa ni kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, chuja, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue, anika ukauke kabisa, saga. Uji mzito ukishaiva, epua, acha upoe kiasi cha kunyweka, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea na koroga. Utalegea wenyewe bila kuongeza maji, kisha urudishe motoni uchemke tena. Ukitia kimea uji ukiwa unatokota, kinakufa na hutaona mabadiliko yoyote.

Chai ya rangi isogezwe jioni. Inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye nafaka na maharage. Badala yake mpe kipande cha papai, pera au chungwa pamoja na uji, maana vitamini C inafanya kinyume chake.

Mashine_Mbuyuni

Naongezea upande wa unga, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Nafaka 12 ni biashara. Mahindi, mchele, ngano, uwele na mtama karibu kazi yake ni moja: wanga. Ukichanganya vyote hujaongeza lishe, umeongeza nafasi ya kuingiza gunia moja bovu lichafue mengine. Kwa kilo 10 chukua mahindi kilo 6, ulezi kilo 2, soya kilo 2. Mahindi yasagwe dona, usikoboe. Ulezi upepete na kuuosha mara tatu, una mchanga mwingi.

Soya ndiyo inayokosewa. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini kusagwa tumboni, ndiyo maana watoto wanaharisha au wanajaa gesi, halafu uji unasingiziwa. Tumbukiza soya kwenye maji yanayochemka tayari, chemsha dakika 20 hadi 30, fikicha maganda, anika ikauke, kisha kaanga moto mdogo mpaka iwe rangi ya dhahabu. Ikiungua inakuwa chungu na mtoto hatakunywa.

Karanga usizilete mashineni pamoja na nafaka. Mafuta yake yanaganda kwenye chekeche na unga unaanza kunuka mapema. Saga karanga za wiki moja nyumbani, weka kwenye kopo. Unga wenye soya nao saga wa mwezi mmoja tu, hasa masika.

Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga, ni jambo la kufa na kupona. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kupika hakuiondoi. Chambua kwa mkono kila punje iliyovunjika, iliyosinyaa au yenye ukungu. Kwa karanga uwe mkali zaidi. Kupima ukavu wa mahindi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisha juani.

Mwl_Hesabu_Arusha

Nakubaliana na hayo, ila uji usipewe kazi isiyo yake. Kuna utafiti wa Jamaica uliochapishwa mwaka 1998, watoto 814 kutoka shule 16 za vijijini. Nusu walipewa kifungua kinywa shuleni mwaka mzima, wengine walipewa robo ya chungwa tu. Waliokula walihudhuria vizuri zaidi, wakaongezeka uzito na kimo kidogo, na wale wa madarasa ya chini wakapanda kwenye hesabu. Tofauti ilikuwepo, lakini ndogo. Kwa hiyo usitarajie mtoto atoke 40 hadi 90 kwa sababu ya soya.

Kabla ya kubadilisha jiko, hesabu usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Anayeamka saa 11 alfajiri alipaswa kulala saa 2 usiku, na nyumba nyingi saa hiyo televisheni ndiyo kwanza imechangamka. Angalia na viganja na ndani ya kope za chini. Vikiwa vyeupe, apimwe wingi wa damu na minyoo. Uji hauwezi kushindana na minyoo ya safura.

MamaSoweto (Moshi)

Asanteni sana. Yamebaki mawili. Asubuhi sina dakika 15 za kukoroga, naweza kupika usiku nikaweka kwenye chupa ya chai? Na siku ambayo amechoka uji, ndizi zinafaa?

Lishe_Njiro

Usipike usiku. Chupa nyingi hazishiki joto la kutosha kwa saa tisa, na uji vuguvugu wenye maziwa ni shamba la vijidudu. Kinachookoa muda ni kulowesha: jioni changanya unga na nusu ya maji, funika, acha mezani. Asubuhi chemsha maji yaliyobaki, mimina ule uliolowekwa, na unaiva kwa dakika 8 hivi. Ukiuacha uchachuke kidogo ni bora zaidi, kwa sababu madini yake yanapatikana kwa urahisi. Juni na Julai kwa baridi ya huko Moshi hautachachuka kwa usiku mmoja, labda utie vijiko viwili vya uliochachuka jana.

Ndizi ndiyo, ila peke yake ni wanga tena. Kiburu kilichobaki jana, ndizi na maharage yake, kikihifadhiwa mahali pa baridi na kupashwa mpaka kitokote, kinazidi andazi kwa mbali. Ila kiwe hakijatiwa magadi. Magadi ya huku kwetu yana floraidi nyingi, na maji ya sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro yanayo tayari; meno ya mtoto ndiyo yanaumia. Maharage loweka usiku kucha, yataiva bila magadi. Au viazi vitamu viwili vya kuchemsha na yai moja. Vyote vichemshe jioni bila kumenya, yai likae na ganda lake kwenye friji, na kama huna friji lichemshe asubuhi hiyo hiyo, dakika 10.

Mashine_Mbuyuni

Na ukija kusaga, njoo asubuhi kabla mashine haijasaga mahindi ya mifugo. Waambie wasage kilo moja ya dona kwanza kusafisha, hiyo wape kuku.