Vita ya Angola: lawama ni ya Washington na Moscow, au ya Waangola wenyewe?

Mtoa mada, Nyegezi

Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Tangu mji wa Goma, mashariki ya Kongo, uangukie mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, kila kijiwe hapa mjini, kuanzia Makoroboi mpaka stendi ya Nyegezi, kina jibu lilelile kuhusu Kongo: "Hao ni wakubwa wanagombania madini." Likishatamkwa hilo, mjadala umekufa, watu wanaongezewa kahawa. Limenichosha. Sisemi ni uongo, ila linatuachia nusu ya kazi. Naomba tuichukue Angola, maana vita yake imekwisha na nani alimpa nani silaha inajulikana.

Kwa wasiokumbuka: Mreno aliondoka akiacha vyama vitatu vyenye bunduki. MPLA ya Agostinho Neto, ngome yake Luanda. FNLA ya Holden Roberto, kaskazini kwa Wabakongo, ikimtegemea Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya leo). UNITA ya Jonas Savimbi, nyanda za juu kwa Waovimbundu. Hawa walikuwa wanachapana wenyewe kwa wenyewe hata wakati Mreno bado yupo. Tarehe 15 Januari 1975 wakatia saini kule Alvor, Ureno: serikali ya pamoja, uchaguzi Oktoba, uhuru 11 Novemba. Mwezi huohuo Washington ikapitisha dola 300,000 za kumpa Roberto. Moscow nayo ikazidisha shehena kwa MPLA. China tayari ilikuwa na wakufunzi wake Zaire wakiwanoa FNLA. Uchaguzi haukufanyika hadi leo, namaanisha ule wa 1975.

Msimamo wangu ni huu: wakubwa hawakuwagombanisha Waangola, waliwaondolea sababu ya kupatana. Mtu aliyeahidiwa maroketi atakaaje mezani kugawana wizara? Kila mmoja alijua akivumilia kidogo, meli ya tajiri wake itatia nanga naye atachukua vyote. Angalieni usiku wa kuamkia uhuru. FNLA na askari wa Mobutu walikuwa Quifangondo, nje kidogo ya Luanda, wakitaka kuingia mjini kabla Mreno hajashusha bendera. Wakapokewa na maroketi ya Kirusi, wakatawanyika. Jeshi la Afrika Kusini lilikuwa linapanda kutoka kusini kuwasaidia UNITA na FNLA, Wacuba wanaanza kushuka kuisaidia MPLA. Saa sita usiku Neto akatangaza jamhuri Luanda. UNITA na FNLA wakatangaza ya kwao, makao Huambo. Siku moja ya uhuru, jamhuri mbili.

Anayepinga ajitokeze, ila aje na tarehe.

Mzee wa Capripoint

Kijana, umeandika vizuri lakini unawapunguzia mzigo wenye nyumba. Nikupe mfano wa hapahapa. Machi 1979, vita ya Kagera imepamba moto, ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin wa Uganda, bomba aina ya Tu-22, ilikuja Mwanza kutafuta matangi ya mafuta. Ikakosea. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala na wanyama wengine, mtu mmoja akaumia kidogo. Leo mnapanda boti kwenda kupigia picha pimbi juu ya mawe yaleyale, wengi hamjui.

Ndege ile ilitengenezwa Urusi. Amin naye silaha zake miaka ile ya sabini alizipata zaidi Moscow. Haya, na sisi? MiG zetu zilitoka hukohuko, vifaru vyetu China. Yale maroketi Waganda waliyoyabatiza jina la saba-saba yalikuwa ya Kirusi. Duka moja, wateja wawili. Na hakuna aliyemtuma Amin avuke Kagera; Warusi wenyewe walipoona vita imeanza waliondoa washauri wao. Muuzaji ana dhambi yake, lakini aliyekuja kuchoma nyumba za Wahaya alikuwa na akili timamu na jina lake tunalijua.

Binti wa Igoma

Shikamoo mzee. Kagera ilikuwa nchi mbili zenye serikali zao, Angola ni watu wa nchi moja, ndiyo maana mfano wako unanipa shida.

Mimi nataka kumpinga mtoa mada upande mwingine. Anaongea kana kwamba wakubwa walikuwa na upande. Wachunguzeni Cabinda, mkoa wa Angola wenye mafuta. Kampuni ya Marekani, Gulf, ilikuwa inachota mafuta pale na kuilipa serikali ya MPLA kodi na mrabaha. Serikali kwa fedha hizo ikagharimia vita. Visima vinalindwa na nani? Askari wa Cuba! Mei 1985 makomandoo wa Afrika Kusini wakanaswa hukohuko Cabinda wakienda kulipua mitambo ya hiyo kampuni ya Kimarekani. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likafuta sheria ya 1976 iliyokataza kuwasaidia waasi wa Angola kwa silaha. Januari 1986 Savimbi yupo Ikulu ya Marekani, amekaa na Reagan, na haukupita muda akaletewa makombora ya Stinger ya kutungulia ndege.

Yaani dola ya Kimarekani inamnunulia risasi MPLA kupitia mafuta, na dola nyingine inamnunulia kombora Savimbi. Mcuba mkomunisti analinda kisima cha bepari kisilipuliwe na kaburu ambaye ni rafiki wa bepari. Nikisikia mtu anasema ile ilikuwa vita ya itikadi huwa nacheka peke yangu kwenye daladala.

Chuma cha Nyakato

Kwa hiyo wote wezi. Tuendelee na maisha.

Mwalimu wa Ilemela

Chuma, usiwakatishe watu. Mtoa mada, umedai tarehe, chukua hizi.

Mei 1991, mkataba wa Bicesse. Ureno ndiye mpatanishi, Washington na Moscow wamekaa pembeni yake wakiusukuma. Wacuba wa mwisho wanaondoka mwezi huohuo, makaburu walishatoka. Septemba 1992 uchaguzi: Rais dos Santos wa MPLA asilimia 49.6, Savimbi 40. Hakuna aliyevuka nusu, ilitakiwa raundi ya pili. Savimbi akasema kaibiwa, akarudi porini. Mwaka 1993 Huambo ilipigwa siku 55, mji ukabaki magofu. Vita haikuisha mpaka Savimbi alipouawa Moxico tarehe 22 Februari 2002, saini za amani zikawekwa 4 Aprili.

Miaka kama kumi hiyo, bila Vita Baridi. Mmoja ana mafuta, mwenzake ana almasi za bonde la Cuango. Kama wakubwa ndio walioondoa sababu ya kupatana, walipoondoka mbona haikurudi?

Mtoa mada, Nyegezi

Mwalimu, hii ndiyo nguvu niliyoitaka, na sitaikwepa.

Kwanza, waliondoka wakiacha nini? Majeshi mawili makubwa yenye uzoefu na maghala yaliyojaa, kazi ya miaka kumi na sita. Kuyavunja majeshi hayo kabla ya kura, Umoja wa Mataifa ulipeleka waangalizi wa kijeshi wapatao 350 kwa nchi nzima, na Angola kwa ukubwa inaizidi Tanzania. Silaha zilikuja kwa meli na ndege bila kubanwa na bajeti. Amani ikaletewa wanaume mia tatu na hamsini na madaftari. Savimbi alifika siku ya kura wapiganaji wake wengi wakiwa bado ni wake.

Pili, almasi zilimfanyia kazi ileile aliyokuwa akifanyiwa na Marekani. Alikuwa na njia ya kupata risasi bila kumwomba Mwangola yeyote ridhaa. Serikali nayo kwa mafuta, vivyo hivyo. Kwa hiyo nakubali kwamba tajiri si lazima awe taifa kubwa. Ila aliyewazoesha kuishi hivyo alikuwa taifa kubwa, hapo sisogei.

Mwaloni Kirumba

Mnasahau ndege za minofu. Sisi tuliokuwa tunashinda na sangara tunakumbuka yale madege makubwa ya mizigo yanatua Mwanza na kupaa na samaki kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kutolewa, yanaanikwa juani. Mwaka 2004 ikatoka filamu ya mgeni mmoja ikidai ndege hizo zilihusika na kuingiza silaha za vita za Afrika, Angola ikiwemo. Serikali ilikanusha vikali, 2006 Rais Kikwete aliishambulia hadharani. Sisemi nani mkweli. Nasema tu watu walibishana mwaka mzima kama mapanki ni chakula cha binadamu, na swali la ndani ya ndege kulikuwa na nini likapita kimyakimya.

Mzee wa Capripoint

Bwana Kirumba, hata bila filamu hiyo sisi tulishahusika, na kwa kujua. Silaha za MPLA zilikuwa zinashushwa bandari ya Dar es Salaam, zinapitishwa Zambia kwenda mashariki ya Angola. Tulichagua upande. Na angalieni tulichagua vipi: Mchina alikuwa rafiki yetu, anatujengea reli ya TAZARA, na kule Angola alikuwa na maadui wa MPLA. Nyerere aliitambua serikali ya MPLA vilevile. Januari 1976 OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ilikutana Addis Ababa, nchi 22 zikataka MPLA itambuliwe, 22 zikataka serikali ya pamoja. Hazikufungamana Ethiopia waliokuwa wenyeji na Uganda iliyokuwa na mwenyekiti, Idi Amin huyohuyo. Kwa hiyo msiniambie mdogo hana la kufanya. Kila nchi pale ilinyoosha mkono wake.

Binti wa Igoma

Mzee hapo sina ubishi. Ila sasa Kongo? SADC, jumuiya yetu ya kusini mwa Afrika, ilipeleka majeshi, yetu yakiwemo, na Machi 2025 ikaamua kuyatoa. Tulinyoosha mkono, tukaushusha.

Mzee wa Capripoint

Mjukuu wangu, Juni 27 mwaka huo mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington, Wamarekani wakisimamia, na mazungumzo ya madini yakiwa karibu yake. M23 wanaoshika Goma hawakuwamo kwenye saini hizo. Wao wana meza yao Doha. Alvor, pamoja na ubovu wake wote, wenye bunduki watatu walikuwa chumba kimoja. Mtoa mada atuambie mkataba upi kati ya hiyo miwili ulianza vibaya zaidi.