Nasubiri rufaa ya bingwa wa magonjwa ya wanawake, wasiwasi unanimaliza. Mliopitia hii mlifanyaje?

Mwl_wa_La_Nne

Habari zenu, wakubwa wote shikamooni.

Nina miaka 47, mwalimu wa shule ya msingi huku wilayani Kilosa, mama wa watoto watatu. Naomba mnisome mpaka mwisho maana hii nimeandika na kufuta mara tatu.

Tangu katikati ya mwaka jana siku zangu zimevurugika. Mwezi unapita kimya, halafu unaofuata naona mara mbili. Na zikija zinakuja kwa fujo, mabonge, pedi mbili kwa mpigo na kanga juu yake. Jumatatu moja nilikuwa ubaoni nafundisha hesabu za sehemu, nikahisi kitu cha moto kinashuka mguuni. Nikaegemea ubao hapohapo mpaka kengele ikagonga, nikawaambia watoto watangulie kutoka. Tangu siku hiyo sina sketi ya rangi nyingine zaidi ya nyeusi.

Hospitali ya wilaya wakanipiga altrasaundi. Karatasi inasema kuna vivimbe viwili kwenye kizazi, kikubwa sentimita 3, na utando wa ndani wa kizazi umenenepa. Daktari akasema kwa umri huu inaelekea mwili unajiandaa kukoma hedhi, ila anataka bingwa anione, "wachukue kinyama kidogo wakapime". Nikapewa barua ya rufaa kwenda mkoani, tarehe nikapangiwa wiki saba mbele. Zimepita mbili.

Hilo neno kinyama ndilo lililoninyima usingizi. Saa nane usiku nashtuka nimelowa jasho, moyo unadunda kama nimekimbizwa na mbwa. Nakaa kitandani nasikiliza bati linavyolia likipoa. Halafu nachukua simu natafuta habari za utando kunenepa, na kila ninachofungua kinaishia kwenye saratani. Mchana sina subira. Juzi nilimfokea mtoto wa watu kwa kusahau penseli mpaka mwenyewe nikaenda kulia nyuma ya choo cha walimu. Mume wangu ananiambia, "Si umeshapewa tarehe, sasa unaogopa nini?" Mama yangu mzazi alishafariki, na hakuwahi kutuambia yake yalikwishaje.

Hizi wiki tano zilizobaki nazivukaje?

Bi_Mkubwa_Tanga

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Mimi nina 61. Yangu yalianza na 48, nikaambiwa nina jini. Nilifukizwa ubani wiki nzima mpaka macho yakavimba, jini hakutoka maana hakuwamo. Lile joto linalopanda kifuani hadi usoni, jasho, moyo kupapatika, kulia bila sababu, yote ni homoni zinapanda na kushuka kabla hazijatulia. Mimi ilinichukua miaka minne. Mtu huhesabiwa amekoma akikaa miezi 12 mfululizo haoni kitu. Na baada ya hapo ukiona tena, hata tone, nenda hospitali, usijiambie ujana umerudi.

La usiku nakuambia nililofanya mimi. Nikishtuka sikai kitandani kubishana na roho. Naamka, nanawa uso na shingo kwa maji baridi, nakaa sebuleni nachambua mchele wa kesho. Mikono ikishika kazi, moyo unashuka wenyewe. Usingizi ukija narudi. Na hiyo simu ilale chumba kingine.

Kichuna_wa_Mwanza

Mimi nina 39 nasoma hapa nimeshika kichwa. Kwa hiyo haya ndiyo yanatusubiri?

Nesi_wa_Zamu

Mwalimu pole. Kabla ya mengine yote nina swali: tangu uanze kutoka damu hivyo, kuna mtu amekupima WINGI WA DAMU?

Nauliza kwa sababu mtu akiishiwa damu, moyo unalazimika kukimbia ili ile kidogo iliyobaki ifike kila mahali. Unadunda ukiwa umekaa tu, unapanda ngazi mbili unahema, unatetemeka, unakosa usingizi, unakuwa na hasira za karibu. Mgonjwa anakuja ananiambia ana wasiwasi, kumbe ana damu 8 wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Tezi la shingo likifanya kazi kupita kiasi nalo linaleta picha hiyohiyo. Sisemi wasiwasi wako si wa kweli. Nasema huenda nusu yake inatibika wiki hii, bila kumsubiri bingwa.

Kuhusu utando. Kwa kawaida yai likitoka, mwili unatengeneza homoni inayozuia utando usiendelee kukua, kisha mwisho wa mwezi unabomoka kwa mpangilio. Umri huu kuna miezi yai halitoki. Utando unakua tu bila wa kuuzuia, na siku ukibomoka unabomoka wote, ndiyo hayo mabonge. Hiyo ni sababu ya kawaida sana kwa wanawake wa miaka arobaini na kitu. Vivimbe navyo ni vya kawaida kwetu, kwa kweli wengi wanavyo na hawajui, na hedhi ikikoma huwa vinasinyaa. Kinyama kinachukuliwa ili kuondoa shaka, na wengi majibu yao hurudi bila saratani. Ndiyo maana nakuambia nenda ukapimwe, tarehe hiyo usiikose.

Sasa shika hili: barua ya rufaa haikufungii mlango wa hospitali yako ya wilaya. Rudi hata kesho, waambie damu inatoka vipi na moyo unakwenda mbio. Na kama pedi inajaa kila saa moja kwa saa mbili mfululizo, au unaona kizunguzungu, unataka kuanguka, pumzi inakata, hapo usisubiri kesho wala tarehe. Hiyo ni dharura, hata iwe usiku.

Usinywe aspirini kwa maumivu, inaongeza kutoka damu. Na usishangae wakikupima mimba. Kama bado unaona siku zako, hata kwa kuruka, mimba inawezekana.

Mwl_wa_La_Nne

Wingi wa damu hawakunipima. Walipima mkojo na altrasaundi tu. Na ngazi za ofisi ya mwalimu mkuu kweli siku hizi nasimama katikati, nikajua ni uzee.

Tiba_Asilia_Original

Dada usikubali kukatwa nyama. Nina dawa ya mizizi inasafisha kizazi na kuyeyusha uvimbe siku 7, unakunywa na nyingine unaweka chini. Njoo inbox.

Baba_Wawili

Wewe tena? Wiki iliyopita ulikuwa unauza dawa ya vitambi.

Nesi_wa_Zamu

Mwalimu, chochote cha "kuweka chini" usikiguse. Tunawapokea wakiwa wameungua na wana maambukizi, halafu hata kipimo chenyewe kinabidi kiahirishwe.

Dada_wa_Dodoma

Mimi nilichukuliwa hicho kinyama mwaka juzi nikiwa na 49, ngoja nikusimulie maana ningesimuliwa mimi ningelala.

Unalala kama unavyolala ukienda kupimwa shingo ya kizazi kwa ile siki. Wanaweka kile chombo cha kufungulia, halafu wanapitisha mrija mwembamba sana, kama mrija wa soda uliosinyaa. Wanavuta. Pale linakuja tumbo la hedhi kali, kali kweli, nilishika mkono wa nesi nikautia kucha. Nadhani haikufika hata dakika mbili. Nikakaa nusu saa, nikapanda bajaji nikarudi nyumbani, nikaona damu kidogo siku mbili. Waulize mapema kama unaweza kumeza dawa ya maumivu kabla. Mimi sikuuliza, nilijikaza bure.

Kilichonitesa ni kungoja majibu kuliko kipimo. Yalikuja baada ya wiki tatu: hakuna saratani, ni homoni. Nikawekewa kitanzi chenye homoni, damu ikapungua taratibu ndani ya miezi michache.

Nilichofanya nikisubiri: nilichukua kalenda ya ukutani, ile ya duka la pembejeo, nikawa natia alama kwa kalamu nyekundu. Siku ya damu, pedi ngapi, bonge lipo au hakuna, nililala saa ngapi, moyo ulidunda nikifanya nini. Daktari aliichungulia dakika moja akaelewa kuliko maelezo yangu yote, na mimi nilikuwa nimeshaona kwamba zile siku za kulia zinatangulia damu kila mara. Ukijua inakuja haikutishi vilevile. Maswali nayo niliandika nyuma ya kalenda, kwa sababu mbele ya bingwa kila kitu kinafutika kichwani.

Halafu, kama kufika mkoani si mbali sana, piga simu au nenda siku ya kliniki asubuhi, uliza kama kuna aliyeshindwa kuja. Na sikilizia kama wale madaktari bingwa wa Mama Samia wanaozunguka halmashauri wanakaribia kwenu, huwa wanakuja na wa magonjwa ya wanawake.

Baba_Wawili

Mimi ni mwanaume, naomba niingie kidogo.

Hayo maneno ya mume wako niliyasema mimi neno kwa neno. Nilidhani namtuliza. Mke wangu akanyamaza miezi, nikajua imepita, kumbe alikuwa anaamka usiku kukaa jikoni peke yake. Siku moja akanipa barua akasema, "Nipigie wewe hiyo simu, mimi sauti inakata." Nikapiga, nikazungushwa kwa watu wanne, jasho likanitoka. Siku hiyo ndiyo nilielewa amebeba nini. Mpe mzee kazi mwalimu. Asome hii karatasi ya altrasaundi, apige simu, akusindikize. Ukimwambia tu unaogopa atakujibu usiogope, ndiyo jibu pekee tunalolijua.

Nesi_wa_Zamu

Naongezea moja la usiku. Moyo ukianza kwenda mbio, vuta pumzi puani ukihesabu nne, itoe taratibu mdomoni ukihesabu sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, dakika tano hivi. Punguza chai ya rangi jioni. Na kama huzuni inazidi, chakula hakipiti, au mawazo ya kutotaka kuishi yanakuja, mwambie daktari wazi. Ina matibabu yake, kuna ya kuzungumza na kuna ya vidonge. Hata namba 199 ya Wizara ya Afya unapiga bure ukauliza.

Mwl_wa_La_Nne

Mrejesho baada ya siku tisa.

Nilirudi hospitali Jumanne. Damu 7.9. Mtu wa maabara alirudia kipimo, akaniangalia, akauliza, "Umekuja kwa miguu?" Nikamjibu ndiyo, na kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha vipindi viwili. Nimepewa vidonge vya kuongeza damu na vingine vya kumeza siku zile za kutoka tu, vya kuipunguza. Daktari akachukua barua yangu akaandika juu yake HARAKA kwa kalamu nyekundu, akapiga simu mkoani mwenyewe. Sasa tarehe ni Alhamisi ijayo.

Hofu ipo. Sitawadanganya, jana nimelia nikipiga pasi. Ila siku hizi nikishtuka usiku nasema hii ni damu, hii ni homoni, na hii iliyobaki ndiyo hofu yangu mwenyewe, inapungua ukubwa. Kalenda nimeitundika nyuma ya mlango wa chumbani.

Baba Neema nilimpa simu asome uzi huu wote. Alisoma kimya, alipofika kwa Baba_Wawili akakohoa. Ameomba ruhusa kazini Alhamisi.

Bi Mkubwa, mchele ulikuwa umeisha nikahamia maharage. Juzi nimeamka saa nane na nusu nikakuta taa ya sebuleni inawaka, mzee yuko na ungo mapajani, miwani puani, kachambua kilo mbili nzima. Mchana tumekula mawe.

Nesi_wa_Zamu

Vidonge vya damu usimeze na chai wala maziwa, meza na chungwa au maji ya limao. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Alhamisi utuambie.

Bi_Mkubwa_Tanga

Mwache achambue hivyohivyo. Meno ni yake.