Tupeane uzoefu: siku mliyotoka kushuhudia (kuhubiri Injili) mitaani, mkadhani imepotea bure

Mleta mada:
Bwana asifiwe wapendwa. Nimewahi kurudi nyumbani na bunda lote la vipeperushi, nikalitupia chini ya kitanda kwa hasira. Kwa muda wa saa nne juani, wawili tu walisimama, na mmoja alikuwa anauliza njia. Wenye shuhuda za wakati wa Bwana, yaani Mungu kutenda kwa saa yake na si yetu, njooni. Ila naomba ziwe zenu wenyewe, zile za "nilisikia kwa mtumishi mmoja" tuziache.

Wa kwanza:
Yangu ni ya spika. Tulikuwa kituo cha mabasi, watano, sauti juu. Dakika ya ishirini betri ikafa. Kiongozi wetu akaanza kukemea, mwingine anahangaika na waya, mimi nimebaki na Biblia mkononi kama niliyesahauliwa pale. Mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi tangu tunafika akanivuta upindo wa shati. Akasema, "Mwanangu, sasa mmenyamaza, naweza kuuliza?"

Alikuwa amezika binti yake wiki mbili kabla. Alitaka kujua kama Mungu anamsikia mtu ambaye hajawahi kujifunza kusali. Nilijua mistari mingi, lakini siku hiyo haukutoka hata mmoja. Nikakaa. Akanisimulia habari za binti yake, mabasi matatu yakapita na la kwake likiwemo. Mwisho akasema, "Basi nisalie wewe, mimi nifuatishe." Alifuatisha neno kwa neno, hata pale nilipokohoa akadhani ni sehemu ya sala, naye akakohoa.

Betri ingedumu, yule mama angeondoka na swali lake. Tangu siku hiyo spika naiwasha nusu saa tu, halafu nazima makusudi. Wenzangu hawajanielewa mpaka leo.

Wa pili:
Miaka kumi na moja nimemwombea kaka yangu. Nimewashuhudia wageni wasiohesabika, yeye ananijibu "hayo yako, dogo." Mwaka jana akapewa kijikaratasi na mtu asiyemjua, akakisoma, Jumapili akaenda kanisani mwenyewe. Nitasema ukweli: niliumia kabla sijafurahi. Nilitaka niwe mimi! Ikabidi nirudi 1 Wakorintho 3:6, Paulo anaposema yeye alipanda, Apolo akatia maji, mwenye kukuza ni Mungu. Nimeshauhubiri mstari huo mara nyingi tu, na kumbe ulikuwa haujanikuta.

Wa tatu:
Ameni. Nafuatilia.

Wa nne:
Mimi nilikuwa upande wa pili, nahubiriwa. Kuna mzee alisimama kona ile ile karibu kila jioni, nami navuka barabara nisikutane naye. Siku moja akanibana, nikachukua kipeperushi ili aniachie, na nyuma yake nikaandika namba ya mtu anayenidai. Kikakaa kwenye pochi miezi saba. Nilikigeuza siku ninatafuta ile namba, ndipo nikakisoma. Nikimkumbuka yule mzee naona aibu, maana hakuwahi kujua. Nilipoenda kumtafuta kona ile hakuwepo tena.

Wa tano:
Mnisamehe, nitaharibu utamu. "Wakati wa Mungu" tunautumia pia kufunika uzembe wetu. Dada mmoja aliongozwa sala ya toba mtaani, mimi ndiye niliyeandika jina na namba kwenye daftari. Hakuna aliyempigia. Kila mmoja alidhani mwenzake amefuatilia. Nilikutana naye mwaka uliofuata, akaniambia kwa upole kabisa, "Niliweka simu karibu wiki nzima." Hapo nitasema wakati wa Bwana haukufika? Filipo kwenye Matendo 8 aliambiwa aende njia ya Gaza, akainuka akaenda. Alipoambiwa asogelee gari la yule Mkushi, msafiri aliyekuwa njiani, alikimbia! Asingekimbia, gari lingepita.

Mleta mada:
Wa tano umenigusa pabaya. Ila ongeza na Matendo 16: Paulo alikuwa na bidii zote, na bado Roho akamzuia kuhubiri mkoa wa Asia, Bithinia nako akakatazwa, mpaka usiku ule mjini Troa alipoona maono ya mtu wa Makedonia. Kuna mlango unaofungwa na Mungu, na kuna ambao sisi hatukubisha hodi. Kuutofautisha ndiko kunanishinda.

Wa tano:
Hata mimi. Yule dada lakini anasali na sisi sasa. Daftari la namba analishika yeye, na anapiga jioni ile ile, hata kama mtu alitoa namba kwa kutuondokea tu.

Wa sita:
Mimi Jumamosi hii ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka. Wakiniuliza kitu nisichokijua?

Wa kwanza:
Mwambie hujui, kisha kaa. Na chukua maji ya kunywa, kuna jua.