Re: Chama cha mtaa kutambuliwa na jiji, tunaanzia wapi?

Habari zenu wapendwa, naomba msaada. Majirani wa mtaa wetu tumejikusanya, tunaokota taka, tumepanda miti, sasa tunataka jiji lituwekee taa na tuta la barabarani maana watoto wanavuka hapo kwenda shule na magari yanapita kasi mno. Nimepiga simu jijini nikaulizwa, chama chenu kinatambuliwa? Nikasema tunaweza kwenda kusajili, nikaambiwa kusajili ni kitu kingine. Mwenye kujua anieleze, nipo Marekani. Na hili pia, sisi ambao hatujapata uraia tunaruhusiwa kuwa viongozi?

---

Dada yangu habari, huyo aliyepokea simu kakwambia kweli. Kusajili chama ni mambo ya serikali ya jimbo, kodi ni mambo ya IRS, yaani mamlaka ya kodi ya serikali kuu, na kutambuliwa ni mambo ya jiji lenyewe. Mnaweza mkawa na cheti cha jimbo na hata ile hadhi ya kodi inayoitwa 501(c)(3) ambayo inamruhusu anayewachangia apunguze mchango wake kwenye hesabu ya kodi, na bado jiji likawa haliwajui kabisa. Na kuna vyama vinatambuliwa na jiji miaka nenda rudi bila hiyo 501(c)(3).

Jiji likisema linakitambua chama maana yake limekiweka kwenye orodha yake kwa masharti yake. La kwanza karibu kila mahali ni mipaka, yaani barabara hii mpaka ile, imechorwa kwenye ramani. Halafu uanachama uwe wazi kwa kila anayeishi ndani ya mipaka hiyo, mpangaji na mwenye nyumba sawasawa, mara nyingi na wenye biashara pia. Kisha katiba, mikutano inayotangazwa mapema, uchaguzi, na kumbukumbu za vikao ambazo mtu yeyote akiziomba anapewa. Portland ilifungua ofisi maalumu ya vyama vya mitaa mwaka 1974, Saint Paul ikafuata 1975 na utaratibu wa mabaraza ya wilaya, leo yapo 17 na kila moja ni shirika linalojitegemea ila jiji linalipa fedha za kuliendesha.

Sasa nisikilizeni wote maana hapa ndipo watu wetu wanakwama. Jumuiya yetu ya watu tuliotoka nchi moja au tunaozungumza lugha moja sio chama cha mtaa, hata kama wote mnaishi jengo moja. Jiji linatambua mahali, halitambui asili. Mkipeleka katiba inayosema wanachama ni watu wa nchi fulani mtarudishwa, na sio kwamba wamewabagua, ni kwamba jirani yenu mwingine wa mtaa huohuo mmemfungia nje. Jumuiya iendelee na kazi yake, kuna mifuko mingine ya kusaidia jumuiya za wahamiaji, ila kwa taa na barabara ingieni kama wakazi.

Na kabla hamjaandika katiba yoyote fungueni tovuti ya jiji mtafute ramani ya vyama vya mitaa, huenda mtaa wenu tayari una chama. Mara nyingi kipo, kinakutana kwenye chumba cha maktaba na watu wachache walewale, wengi wenye nyumba na umri umesogea, na wanatamani sana sura mpya ila hawajui pa kuzipata. Ingieni humo. Kuanzisha cha pili ndani ya mipaka ileile ni kujitafutia ugomvi usio na sababu, jiji nalo mara nyingi litawaambia mkapatane kwanza.

Kuhusu uraia, usiogope. Chukua Los Angeles, mabaraza ya mitaa yapo kwenye katiba ya jiji tangu 1999 na sasa yanakaribia mia, anapiga kura anayeishi, anayefanya kazi au mwenye mali pale, uraia hauulizwi. Kwa walioko Ufaransa, zamani chama cha wageni kilihitaji kibali maalumu cha serikali, amri ya mwaka 1939, ikafutwa 1981, leo mgeni anaandikisha chama kama mtu mwingine yeyote.

Faida kubwa mimi naona sio hela, ni taarifa. Mtu akiomba kubadilisha matumizi ya kiwanja, akitaka kibali cha kuuza pombe, au jiji likitaka kufunga barabara, chama kinachotambuliwa kinaandikiwa mapema, kina muda wa kukaa na kutoa maoni kabla ya kikao cha maamuzi. Bila hivyo barua huwa zinakwenda kwa wamiliki wa viwanja vya karibu tu, na sisi wapangaji tunajua mambo siku trekta limeshafika. Mjue tu kwamba maoni ya chama ni ushauri, jiji halilazimiki kuyafuata, ila diwani anayeona sahihi za mtaa mzima anafikiria mara mbili.

Halafu tuta na taa msisubiri chama! Andikeni ombi leo kwa idara ya barabara mkiwa wakazi tu, kwa kawaida wanaanza kwa kupima mwendo wa magari na hiyo inachukua muda, bora foleni yenu ianze kuhesabiwa sasa.

---

Huku Uingereza tofauti kidogo jamani. Sheria ya mwaka 2011 inaruhusu wakazi kuunda jukwaa la mtaa, lazima muwe watu 21 angalau, na halmashauri ikiwakubali ni kwa miaka 5 kisha mnaomba upya. Kazi yake hasa ni kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi ya mtaa, unapigiwa kura na ukipita halmashauri inapaswa kuuzingatia inapotoa vibali. Sio la kuombea tuta, ila kama kuna ujenzi mkubwa unakuja hilo ndilo la kukimbilia.

---

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Japani, huku vyama vya mtaa vipo kila kona. Jiji linavitumia kusambaza matangazo, kuna ubao unapita nyumba kwa nyumba una karatasi za jiji, unasoma, unaweka alama kwenye jina lako unampa jirani. Vinatunza taa za usiku na sehemu za kutupa taka, jiji linavipa ruzuku. Tangu 1991 chama kikiidhinishwa na meya kinaweza kumiliki kiwanja au ukumbi kwa jina lake, kabla ya hapo mali iliandikwa jina la mzee mmoja na akifariki warithi wanaanza kudai. Kujiunga ni hiari, ila ukikaa bila kujiunga hata majirani hutowajua.

---

Marahaba mdogo wetu. Asante kaka, asanteni wote, nimeona kwenye ramani kweli chama kipo, sikujua! Na hela je, kuna mtu kaniambia jiji linatoa ila nasi tuweke nusu, sisi nusu tutaitoa wapi?

---

Dada, hiyo nusu sio lazima iwe fedha. Seattle ndio inajulikana kwa hili tangu 1988, mfuko unaitwa Neighborhood Matching Fund, mtaa unaleta mchango wake na saa za kujitolea zinahesabiwa, kila saa ina thamani iliyopangwa, vilevile vifaa mlivyopewa bure na fundi au mchoraji aliyefanya kazi bila malipo. Miji mingine imeiga. Watu wasiokuwa na kitu mfukoni wamejenga viwanja vya watoto kwa njia hii na mimi nasema ndio msaada wa haki kuliko yote, maana jasho la mpangaji linapewa thamani mbele ya jiji.

Ila bila karatasi hakuna saa. Kila siku ya kazi pawe na fomu ya mahudhurio mezani, jina, muda wa kuingia, muda wa kutoka, kazi gani, sahihi. Saa zilizofanyika kabla ya kusaini mkataba na jiji kwa kawaida hazihesabiwi kwahiyo ile miti mliyopanda msiitegemee. Na kama chama hakina akaunti wala 501(c)(3), tafuteni shirika lililosajiliwa liwapokelee hela kwa niaba yenu, linakata asilimia kidogo, mkubaliane kwa maandishi. Kikao chenu cha chama ni lini? Nitumie katiba yao nikusomee kabla hujaenda.