Tutashikana mkono na kikundi kinachomlea mtu wa "madoadoa" mpaka lini?

Wadau, leo sitapima maneno.

Jumapili usiku, kati ya bei ya gunia la mahindi na swali la mtu aliyetafuta dawa ya viwavijeshi, ulipita humu kikundini kwetu ujumbe kutoka kile kikundi cha wakulima tulichoungana nacho mwaka jana. Picha ya jembe, na chini yake: "Madoadoa yatolewe mapema, kabla ya kura." Madole gumba kumi na moja. Moja ni la admini wao!

Hakuna mtu wa kaunti yetu ya Uasin Gishu asiyejua neno hilo linamlenga nani: watu wa makabila mengine wanaoonwa wageni hapa. Tume ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ililiweka kwenye orodha ya maneno ya chuki mwaka 2022. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inamtoza mchochezi wa chuki za kikabila faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Ilitungwa baada ya zaidi ya watu 1,100 kuuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa, na waliokimbilia humo wakiwa ndani. Siku zile SMS za aina hii hii zilikuwa zikizunguka kwenye simu. Mama yangu alilala hemani pale uwanja wa maonyesho wa Eldoret, blanketi moja na watoto watatu. Sasa ujumbe huo unamfikia tena, safari hii kupitia kikundi nilichomwingiza mimi mwenyewe apate bei ya mahindi.

Admini wetu mnaniambia tuzungumze nao. Tumezungumza mara tatu! Mara ya kwanza walisema jamaa anatania. Ya pili, kwamba ni mwanachama wa zamani. Ya tatu hawakujibu, na kesho yake akaandika tena.

Mnasema pia tukiwakata tutawaonea wakulima wasio na hatia walio kule. Hao waje kwetu mmoja mmoja, mlango uko wazi, mimi nitawakaribisha. Ila ujumbe wa kikundi chao usipitishwe tena huku, na admini wao wawili waondolewe kwenye usimamizi wetu, mpaka yule mtu atolewe na waliompigia dole waombe radhi hadharani.

Msiniandikie inboksi. Nijibuni hapa hapa, wote wasome.