MJADALA: OpenWrt iendelee kutengeneza ruta zake, au ihangaike na hizi za mtumba?

MLETA MADA:
Wakuu, tangu Novemba 2024 mradi wa OpenWrt, programu huria ya Linux ya kuendesha ruta badala ya ile ya kiwandani, una ruta yake, OpenWrt One, iliyobuniwa kwa ushirikiano na Software Freedom Conservancy, shirika linalotetea programu huria, na kutengenezwa na Banana Pi. Ilipozinduliwa 2024 bei ilikuwa dola 89 pamoja na kasha na antena, na dola 10 za kila moja ziliingia kwenye mfuko wa mradi. Wapo wanaosema nguvu hiyo ingeelekezwa kwenye ruta za bei rahisi tulizo nazo. Mimi napinga.

Nilinunua ruta ya mtumba, modeli imo kabisa kwenye orodha ya OpenWrt. Kufika nyumbani nageuza, kibandiko cha chini kinasema ni toleo jingine. Jina lile lile, kasha lile lile, ndani chipu nyingine na flashi (kumbukumbu inayohifadhi programu) ya MB 4. Programu ya sasa haienei. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na ni mchezo wa zamani. OpenWrt ilizaliwa 2004 kwa ajili ya ruta ya Linksys WRT54G, baada ya msimbo wake kutolewa hadharani kwa kuwa ulitumia Linux, ambayo leseni yake inadai hivyo. Mwaka 2005 likaja toleo la 5: flashi MB 2, RAM MB 8, Linux imeondolewa, imewekwa VxWorks, mfumo uliofungwa. Waliotaka Linux wakaambiwa wanunue ruta nyingine, WRT54GL. Mradi ukitegemea kiwanda cha mtu, kila mwaka unaanza upya.

MCHANGIAJI 1:
Mkuu, machungu yako nayaelewa, ila dola 89 hapo bado usafiri na ushuru. Kijana anayejifunza mitandao atazitoa wapi? Halafu poti ya LAN, ya kuchomeka kompyuta za ndani, ni moja! Ukiwa na kompyuta mbili za waya, tayari unatafuta swichi.

Tatizo lako ni chipu, si kiwanda. Mimi bado natumia ruta zenye chipu za Atheros zinazoendeshwa na ath9k, draiva ya waifai iliyo wazi kabisa, na hazijanisumbua. Zenye chipu za MediaTek na draiva ya mt76 pia chukua. Broadcom achana nazo, draiva zake nyingi za waifai zimefungwa. Flashi isipungue MB 8 na RAM MB 64, na usome kibandiko kabla hujatoa hela.

MLETA MADA:
Hapo kwenye poti umenishika: WAN (poti ya intaneti) ya 2.5 Gbps, LAN moja ya 1 Gbps. Nami ningependa ziongezwe. Na bei ni kweli inauma.

Ila mkuu, umewahi kuua ruta ukiwa unaweka programu? Mimi nimeua. Taa ya pawa inapepesa tu, nikafungua kasha, nikachomelea nyaya tatu kwenye vitundu vidogo kama punje ya mtama ili niisome kwa siriali, yaani kuzungumza nayo moja kwa moja kwa waya. Mkono ukatetemeka, njia moja ya shaba ikabanduka. Ikaishia hapo. OpenWrt One ina flashi mbili za aina tofauti, NAND ya kazi na NOR ya uokozi. Ukiharibu, unasogeza kitufe cha kuchagua flashi, unaiwasha kutoka NOR, unarudisha programu kwa flashi ya USB. Siriali nayo iko mbele, waya wa USB-C tu. Huyo kijana unayemtetea ndiye atakayeharibu mara nyingi kuliko sisi. Ya mtumba akiiua mara tatu, amenunua tatu.