Naomba ushauri: skripti za Unix kwenye Windows Server 2022, Cygwin au WSL?

Habari wakuu,

Ofisini tuna seva ya Windows Server 2008 R2 inayoendesha skripti za Korn shell (lugha ya amri ya Unix) kila usiku kupitia SUA, sehemu ya Windows ya kuendesha programu za Unix. Zinakusanya mafaili ya mauzo kutoka matawini na kuandaa ripoti ya asubuhi. Sasa tunahamia Windows Server 2022, na SUA iliondolewa tangu 2012 R2.

WSL 2 (WSL ni nyenzo ya Microsoft ya kuendesha Linux ndani ya Windows) imegoma kuwaka: inahitaji mashine pepe, lakini seva yenyewe tayari ni mashine pepe, na tunakokodi hawaruhusu kuwasha nyingine ndani yake. WSL 1 inawaka na skripti zinaenda vizuri nikiwa nimeingia kwenye akaunti yangu, ila nikitoka tu, kazi ya saa nane usiku haianzi.

Cygwin, programu inayoleta zana za Unix kwenye Windows, ndiyo imenipa moyo. Cron yake (kipanga ratiba cha kazi) inafanya kazi bila mtu kuingia, na programu ndogo ya C iliyotengenezwa kwa SUA nimeikompaili upya kwa gcc, majibu yanalingana na ya zamani. Tatizo ni ruhusa. Mhasibu akifungua ripoti kwenye folda ya pamoja anaambiwa "Access is denied", wakati faili nililounda kwa Notepad hapohapo analifungua.

Je, nikiweka noacl (chaguo la kuiambia Cygwin isiweke ruhusa zake za Unix) kwenye /etc/fstab, faili la mipangilio ya folda za Cygwin, kwa folda hiyo pekee, mafaili yatarithi ruhusa za folda bila kuvuruga cron? Na kuna aliyefanikiwa kuendesha WSL 1 kwa Task Scheduler (kipanga ratiba cha Windows) bila mtu kuingia? Alitumia akaunti ya aina gani?

Natanguliza shukrani. Skripti hizi zimebeba kazi ya watu wengi, nisingependa kuziandika upya.